Madaftari Matatu ya Élysée

Kila siku, jua lilipoanza kushuka nyuma ya vilima vya Karuba, Emérita alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine. Kufikia saa hiyo alikuwa amekwisha kuteka maji mara mbili, amechambua maharage, amewafukuza mbuzi wa jirani kutoka kwenye mihogo ya bibi yake, na kama siku ilikuwa njema, amemaliza hata hesabu za shule. Kazi hizo zote angempa yeyote aliyezitaka, tena kwa furaha. Lakini kazi ya kidonge ilikuwa yake.

Alichukua kisu kidogo cha kumenyea viazi, akaweka kidonge juu ya kigoda, akakikata katikati. Nusu moja alimpa mdogo wake Élysée, mwenye umri wa miaka saba, pamoja na kikombe cha maji. Nusu ya pili aliitia ndani ya kopo tupu la nyanya lililofichwa chini ya kitanda, nyuma ya mfuko wa mbegu. Kisha alikwenda kuosha sufuria kana kwamba hakuna lililotokea.

Élysée alikuwa na ugonjwa wa kifafa. Muganga Zéphyrin wa kituo cha afya alikuwa amesema wazi kwamba anywe kidonge kizima kila jioni, bila kuruka hata siku moja. Emérita alimsikia vizuri. Hakuwa mtoto wa kichwa kigumu. Katika darasa la sita hakuwahi kutoka nje ya watatu wa kwanza. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilitoka mbali, huko Kalembe walikozaliwa.

Miaka miwili iliyopita watu wa Kalembe walikimbia risasi. Mama yao alikuwa amefariki zamani, na baba yao alikuwa machimboni upande wa Walikale. Emérita alimshika mdogo wake mkono wakafuata umati. Dawa zilibaki nyumbani. Walitembea siku nne, na katika siku hizo Élysée alianguka mara nne, mara ya mwisho kando ya moto wa watu wasiowajua, mkono ukaungua. Mpaka leo mkono wake wa kushoto una kovu refu. Walipofika kwa bibi yao Annonciata, ambaye wote wawili humwita Koko, Emérita aliapa moyoni kwamba wakikimbia tena, dawa haitakosekana. Mwaka huu, barabara ya Sake ilipofungwa kwa wiki nzima na sabuni na chumvi zikapotea sokoni, alianza kuweka akiba. Msichana wa miaka kumi na miwili anapiga hesabu za vita kabla ya kupiga hesabu za shule. Inasikitisha, lakini kwetu watoto kama yeye si wachache.

Sasa, watu wazima watatu walikuwa wakimfuatilia Élysée, na kila mmoja alikuwa na daftari lake. Hapo ndipo ubingwa wa Emérita ulipoonekana.

Wa kwanza alikuwa Muganga Zéphyrin, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyetoa vidonge kila mwezi.

“Anakunywaka dawa kila siku?” aliuliza.

“Kila siku, Muganga,” Emérita alijibu. Je, si kweli? Nusu kila siku nayo ni kila siku.

Wa pili alikuwa Madame Astrid, mwalimu wa darasa la kwanza. Yeye alimwona Élysée akianguka darasani, na aliandika tarehe. Emérita alimkimbilia huku jasho likimtoka. Alijua kwamba katika shule nyingine mtoto wa kifafa alirudishwa nyumbani, wazazi wa wenzake wakidai kwamba povu la mdomoni linaambukiza.

“Madame, usiwe na wasiwasi,” alisema. “Muganga iko anajua yote.”

Wa tatu alikuwa Mama Niyonsenga, ambaye watu walimwita asistanti, yaani mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea watoto waliokimbia vita na kuona kama wanaishi salama. Huyu ndiye Emérita aliyemwogopa kuliko wote, kwa kuwa kwenye foleni ya maji wanawake walisema kwamba asistanti akikuta nyumba imeshindwa, anawachukua watoto na kuwapeleka Goma. Basi kila asistanti alipofika, alikuta ua umefagiwa, Élysée ameoga mpaka masikio yanang'aa, na Emérita anatabasamu.

“Shule inaenda?”

“Inaenda bien, Mama.”

“Na ugonjwa?”

“Muganga njo anamufwata.”

Muganga alidhani mwalimu angesema kama kuna tatizo. Mwalimu alidhani muganga anajua. Asistanti alidhani wote wawili wamelishika jambo. Na Emérita, katikati yao, alijisifu kimyakimya kwamba yeye hakumdanganya hata mmoja wao kabisa kabisa.

Siku ya Jumanne, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, mtoto wa darasa la kwanza alikuja mbio mlangoni pa darasa la sita. Hakuhitaji kusema jina. Emérita aliruka benchi.

Élysée alikuwa chini, mwili ukitikisika. Madame Astrid alikuwa amesogeza madawati, amemlaza kwa ubavu na kumwekea sweta yake chini ya kichwa. Hakumtia kitu mdomoni wala hakumshika kwa nguvu. Alikuwa akitazama saa. Mtikisiko ulitulia, Emérita akashusha pumzi. Kisha, kabla mtoto hajafumbua macho, ulianza tena.

“Hii si kama zile zingine,” alisema Madame Astrid, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. “Mara mbili bila kuamka, ni lazima afike kwa muganga. Kimbieni kwa Papa Védaste. Mwambieni kipoyi.”

Pikipiki isingefaa kitu, kwani mvua ilikuwa imekula daraja dogo la bondeni. Lakini kipoyi hakiogopi matope. Ni machela ya miti miwili na kitanda cha kamba, na kila kilima cha huko kina cha kwake, pamoja na orodha ya wanaume wa kukibeba. Mwanaume akiitwa asipokuja bila sababu, hutozwa kikapu cha viazi na kutaniwa mwezi mzima.

Emérita alikuwa ameona kipoyi kikipita barabarani mara nyingi. Hakuwahi kukifuata. Siku hiyo alikifuata, na alichokiona kilimwacha kinywa wazi. Papa Védaste, kiongozi wa kipoyi cha kilima chao, alifika na wenzake, matope ya shamba yakiwa bado miguuni, majembe yameachwa katikati ya matuta. Hakuna aliyeuliza mtoto ni wa nani, wa kabila gani, wala familia yao ilitoka wapi. Walimfunika Élysée kwa turubai, wakainua kwa pamoja, wakaanza kuteremka wakikimbia, wanne chini ya miti na wanne pembeni wakisubiri zamu. Mmoja akichoka, aligusa mti mara moja tu, na bega lingine liliingia mahali pake bila kipoyi kusimama. Mtoto alibebwa kwenye mteremko uleule ambao Emérita peke yake, na ndoo ya maji tu, huuteremka kwa makalio.

Bondeni kwenye kijito, wanaume wa kilima cha pili walikuwa wamekwisha kufika. Mtu alikuwa ameita kutoka juu, na mwingine akaipokea sauti ng'ambo. Hapo Emérita alidhani watabadilishana mabega na kuendelea. Kumbe sivyo. Wale wapya walichuchumaa wakanyamaza. Hawakugusa miti.

“Wanangoja nini?” aliuliza kwa hofu.

“Wanangoja habari,” alisema Papa Védaste akihema. “Hatupeanaka mugonjwa bila kupeana habari yake. Mwenye atafika kwa muganga njo atasema, na sisi hatutakuwa kule.” Kisha akawageukia wale wanaume. “Ni mutoto wa Koko Annonciata, anaitwa Élysée. Alianguka saa tatu na nusu. Mara mbili, hajaamuka. Asubuyi alikunywa chai tu. Hana kidonda ku kichwa. Ugonjwa ni kifafa. Dawa...” Alimtazama Emérita.

“Anakunywaka kila siku,” alijibu Emérita. Jibu lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

Kiongozi wa kundi jipya, mwanaume mfupi mwenye ndevu aliyeitwa Evode, alirudia yote neno kwa neno, saa, chai, kichwa, dawa kila siku. Papa Védaste alisikiliza kwa makini, akaitikia, “Njo vile,” yaani ndivyo hivyo. Hapo tu ndipo mabega mapya yaliingia chini ya miti.

Kupanda kilima cha pili kulikuwa kugumu zaidi. Mvua ilizidi. Evode aliteleza, goti likapiga jiwe, lakini mkono wake haukushuka hata kidogo, na Élysée juu yake hakuyumba. Damu ilichanganyika na maji kwenye mguu wa mtu yule, naye aliendelea kupanda. Emérita aliutazama mguu ule mpaka walipofika juu. Alikuwa hamjui mtu huyu. Mtu huyu hakumjua yeye.

Juu, kando ya kanisa, kundi la tatu lilichuchumaa likisubiri, likiongozwa na mzee wa kofia ya sufu. Evode alifuta maji usoni akaanza kutoa habari. Jina. Saa. Chai. Kichwa. Hakusahau kitu. “Dawa anakunywaka kila siku,” alisema mwishoni. “Dada yake njo anamupatia, na yeye mwenyewe njo alisema.”

“Kila siku, na bado anaanguka vile?” Mzee alitikisa kichwa. “Basi ile dawa imemushinda. Tutamwambia muganga aongeze.”

Emérita aliutambua uongo wake. Alikuwa ameuzoea ukiwa mdogo, wa kuficha mfukoni. Sasa ulikuwa umevuka kijito na kupanda kilima, umebebwa na mtu mwenye goti linalotoka damu, ambaye aliushika vizuri asiudondoshe, kama alivyomshika Élysée. Na ungefika. Ungeingia katika kituo cha afya ukiwa mzima, na muganga angeuamini.

“Si kweli,” alisema.

Wanaume wote walimgeukia.

“Mi namupatiaka nusu. Ile nusu ingine naiweka. Ni siku nyingi.”

Alisubiri kofi, au angalau tusi. Evode alimsogelea akachuchumaa ili macho yao yalingane.

“Nusu ya kidonge kimoja, kila mangaribi?”

“Ndiyo, Papa.”

“Leo amekunywa?”

“Hapana. Jana, nusu.”

Evode alimgeukia mzee. “Nageuza habari. Dawa ni nusu kila mangaribi. Jana alikunywa nusu, leo bado.” Mzee alirudia, nusu kila jioni, jana nusu, leo bado. “Njo vile,” alisema Evode. Na kipoyi kiliinuliwa kikaondoka.

Ilikuwa hivyo tu. Hakuna aliyemtazama kwa jicho baya. Waliupokea ukweli kama walivyopokea habari ya chai, wakaondoka nao mbio. Emérita alikimbia nyuma yao akilia kwa sauti, na hakujua ni kwa aibu au kwa mshangao kwamba duniani kuna watu wa namna hii.

Kituoni, mzee wa kofia alisema habari yote kabla hata ya kufuta uso. Muganga Zéphyrin alisikiliza huku mikono yake ikifanya kazi. Alimdunga Élysée sindano, akakaa kando ya kitanda akihesabu mapigo ya moyo. Mwili mdogo ulilegea polepole. Mchana ulipofika katikati, Élysée alifumbua macho, akatazama miguu yake, akauliza kwa hasira viatu vyake viko wapi. Vilikuwa vimebaki darasani. Emérita hakuwahi kufurahia hasira ya mtu namna ile.

Baadaye muganga alimwita nje, chini ya paa la bati.

“Najua unaogopa nitakukaripia,” alisema. “Nitakuambia kitu kimoja tu. Kama wangeniambia anakunywa kidonge kizima, leo ningeandika viwili. Wewe ungekata, au siku moja usingekata, naye angekunywa kupita kiasi. Sijui ingekuwa namna gani, na nisingejua sababu. Ningekuwa natibu mtoto mwingine, mwenye hayuko.”

Emérita alitazama matope miguuni pake.

“Na mimi niliuliza swali moja mwezi baada ya mwezi,” muganga aliongeza, “nikaridhika na jibu lilelile. Sikumuuliza mwalimu. Hilo ni langu.”

Jumamosi iliyofuata, wageni watatu waliingia nyumbani kwa Koko Annonciata wakati mmoja. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Emérita alipomwona Mama Niyonsenga, alikimbilia mlangoni. Aliangalia kama kuna gari barabarani. Hakukuwa na gari.

Walikaa kwenye mkeka. Koko alileta viazi vya kuchemsha, maana kwake mgeni hazungumzi na njaa. Mama Niyonsenga aliweka daftari lake chini bila kulifungua.

“Koko, na wewe Emérita,” alisema, “kila mumoja wetu iko na daftari ya Élysée, na kila daftari imefungwa, sababu habari za nyumba ya muntu si za kutembeza. Leo tunaomba ruhusa tuzifungue pamoja. Tutasema tu yale yanaweza kumusaidia mutoto. Ingine yote inabaki ndani. Mukikataa, tunakula viazi tunaenda.”

Koko alimtazama mjukuu wake. Mzee yule mwenye nywele nyeupe alingoja jibu la msichana wa miaka kumi na miwili, na Emérita aliona masikio yake yakipata moto.

“Mufungue,” alisema.

Madaftari yalifunguliwa ubavu kwa ubavu. Madame Astrid alisoma kwanza. Katika wiki sita Élysée alikuwa ameanguka darasani mara tano, na kila mara ilikuwa asubuhi. Muganga Zéphyrin aligeuza daftari lake wote walione. Kwa wiki hizohizo alikuwa ameandika sifuri. Mama Niyonsenga alisoma lake kwa sauti ndogo: “Afya, anafuatiliwa na muganga. Shule, inaenda vizuri.”

Mtoto mmoja alikuwa amelala katika madaftari matatu kama watoto watatu tofauti. Emérita alikuwa na hakika kwamba sasa wataanza kulaumiana, kama watu wazima wafanyavyo ng'ombe akila shamba. Alikosea tena.

“Niliona mara tano na sikuvuka bonde kumwambia muganga,” alisema Madame Astrid.

“Mi niliandika ‘vizuri’ bila kuingia darasani,” alisema Mama Niyonsenga.

“Nami nimeshasema langu,” alisema muganga.

Koko aliangalia mikono yake. “Nyumba ni yangu, na kopo ilikuwa chini ya kitanda yangu.”

Emérita aliinuka bila kuambiwa, akaingia ndani, akarudi na kopo la nyanya. Aliliinamisha juu ya kitambaa. Vipande vya juu vilianguka vikavu. Vya chini vilikuwa vimelowa kwa unyevu wa udongo, vimeshikana na kuota ukungu. Vyote vilikuwa arobaini na tatu.

“Kwa nini?” aliuliza muganga, kwa upole.

Akaeleza. Alieleza Kalembe, siku nne za njia, moto wa wageni na mkono wa mdogo wake uliokuwa ukinuka. Alisema kwamba watu wazima hutangaza kila mara kuwa sasa kumetulia, na kisha watu hukimbia. Alipomaliza, Madame Astrid alikuwa akifuta macho, na muganga alikuwa akivikusanya vile vipande katikati ya kitambaa.

“Woga wako ni wa kweli,” alisema muganga. “Ni sisi hatukuwa na jibu lake. Lakini hivi haviwezi kumtibu mtu tena, na vilimwangusha mdogo wako kabla vita haijafika. Tutafute njia ingine, sote.”

Mama Niyonsenga alichukua karatasi moja mpya, akaandika juu jina la Élysée, akapiga mistari: nani, atafanya nini, mpaka lini. Emérita alitazama jinsi ile karatasi ilivyojaa. Muganga angetoa vidonge kumi na vinne vya akiba, vizima, katika mfuko usioingiza maji, na kuvibadilisha kila mwezi visiharibike. Akiba ingekaa ndani ya mfuko wa Biblia wa Koko, kwa kuwa nyumba nzima ilijua kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza Koko hushika akikimbia. Angeandika pia kadi yenye jina la mtoto, ugonjwa na kipimo cha dawa, ili wakifika Shasha au popote, muganga wa huko aendelee pale alipoishia yeye. Madame Astrid angewafundisha darasa kwamba povu haliambukizi na kwamba anayeanguka hulazwa kwa ubavu. Koko angetoa kidonge kila jioni kwa mkono wake mwenyewe. Mama Niyonsenga angewakutanisha wote kila mwezi.

“Na miye?” aliuliza Emérita, kwa kuwa hakuona jina lake. Kisha akatoa swali lililomkaa kooni mwaka mzima. “Ao mutatupeleka Goma?”

Mama Niyonsenga aliweka kalamu chini. “Nani alikuambia vile?”

“Ku foleni ya mayi.”

“Kazi yangu ni kufanya mubaki hapa na Koko, mukiwa salama. Kila nilipoona ua umefagiwa vile, nilijuwa unaficha kitu, na sikuuliza. Nilipaswa kuuliza.” Alichukua tena kalamu, akaandika jina la Emérita kwenye mstari wa mwisho. “Kazi yako ni moja. Ukiona kitu, unasema. Hata kama ni kidogo, hata kama kinatuaribia furaha. Ingine tuachie sisi wakubwa.”

Miezi miwili ilipita. Kwenye mkutano wa pili hali ilikuwa nzuri hata watu wakacheka. Madame Astrid alisoma kwamba darasani Élysée hakuanguka hata mara moja, na kwamba sasa anaandika jina lake lote pamoja na alama za juu ya herufi. Koko aliapa kwamba hakuna jioni iliyopita bila kidonge. Muganga aliandika sifuri kwa furaha, safari hii sifuri ya kweli. Mama Niyonsenga alikuwa tayari kufunga daftari.

Emérita alitazama nyuso zao. Hakutaka kuziharibu. Wiki iliyopita alikuwa shambani na Élysée, wawili tu, na mtoto alisimama ghafla, jicho likaganda, mkono wa kulia ukatikisika kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha akaendelea kuchuma maharage. Hakuna mwingine aliyeona. Kwa mara ya kwanza watu hawa walikuwa wakicheka nyumbani kwao.

“Alhamisi, mukono yake ilitikisika,” alisema. “Kidogo. Nilihesabu kumi.”

Kicheko kilikoma. Lakini muganga hakuonyesha huzuni. Alisogea mbele, kalamu mkononi. Mkono upi? Saa ngapi? Alikuwa amekula? Emérita alijibu moja baada ya lingine, na muganga alirudia kila jibu kabla ya kuliandika, mpaka Emérita akaitikia, “Njo vile.” Kisha alimwita Élysée, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akatabasamu.

“Jumatatu umlete kwenye mizani,” alisema. “Huyu amekua. Nafikiri kidonge cha mtoto wa mwaka jana hakimtoshi tena.”

Ikawa hivyo. Élysée alikuwa ameongeza kilo mbili na nusu. Muganga alipanga upya kipimo cha dawa, na tangu siku hiyo mpaka shule zilipofungwa, hakuna aliyemwona mtoto yule akitikisika.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile ya mkutano wa pili, wengine walipokuwa wakiaga, Mama Niyonsenga alibaki mlangoni na Emérita.

“Sisi watatu tulisoma,” alisema. “Muganga anajua dawa, Madame anajua watoto, na mimi najua sheria na milango ya kugonga. Tukikaa pamoja tunaweza kufanya mengi. Lakini yote tunajenga juu ya habari tunayopewa. Ikiwa ya uongo, tunakosea pamoja, tena kwa nguvu zote. Leo uliona tuna furaha, na ukasema. Siku ile kwenye mvua uliogopa, na ukasema. Ya leo ilikuwa ngumu zaidi, unajua?”

“Ndiyo, Mama,” alisema Emérita. “Najua.”

Uani, Élysée alikuwa akimwonyesha Koko jina lake aliloliandika kwa kijiti kwenye udongo, herufi zote na alama zote. Emérita alikwenda kutazama kama hakukosea.